Wapangaji wa Mzee Yoeli

Ezekia hakuwahi kwenda kwa baba yake mikono mitupu, na ndiyo sababu hakuwa akienda mara kwa mara. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na Ezekia alilishika neno hilo kama wenzake wanavyozishika amri kumi. Mwezi akipata, alifunga kwenye pikipiki sukari kilo mbili, mche wa sabuni na chupa ya mafuta ya kula, akaenda hadi kijijini, akateremsha mzigo, akasalimia akiwa amesimama, akageuza. Mwezi asipopata, hakwenda. Aliona haya kuingia kwenye uwanja wa mzazi wake mikono inaning'inia kama mtu aliyekuja kudai.

Na miezi ya kukosa ilikuwa mingi. Ezekia alikuwa mpiga picha, mwenye chumba kimoja nyuma ya stendi ya Makambako, na siku hizi kila mwenye simu anajiona mpiga picha. Waliobaki kuja kwake walikuwa watu wa picha za pasipoti, watoto wa kipaimara, na maharusi wa Jumamosi. Aliyekuja na fulana Ezekia alimvalisha suti kwenye kompyuta, akamwondolea chunusi na makunyanzi, na mtu akatoka pale akiwa bwana mkubwa asiyejitambua.

Baba yake, Mzee Yoeli, aliishi kilomita ishirini na tano kutoka hapo, njia ya kwenda Njombe, kwenye nyumba ya bati iliyolitazama bonde. Pamoja naye aliishi Priska, dada mkubwa wa Ezekia, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume. Watu wa huko wanalima vinyungu: kiangazi kikiingia wanashuka bondeni, wanachimba mifereji ya kukausha maji, na kwenye ule unyevu wanapanda mahindi, maharage na viazi. Kila mwenye kipande alikilima mpaka kwenye tope la mwisho. Mzee Yoeli peke yake aliacha sehemu ya kwake, kubwa kama uwanja wa kanisa, ibaki maji na nyasi ndefu, kwa sababu palikuwa na korongo wawili.

Walikuwa korongo wale wakubwa wenye taji la dhahabu kichwani, mashavu meupe, na miguu mirefu ya kutembea majini. "Hao ni wapangaji wangu," mzee alikuwa akisema. "Kodi hawalipi, lakini hawalewi wala hawagombani." Jirani yake, Sila, ambaye viazi vyake vilikuwa vimefika mpaka mpakani, alimcheka miaka yote. Alisema Yoeli ndiye mkulima pekee wa ukanda huu anayevuna kelele.

Kelele zenyewe mzee alizipenda. Kila jioni korongo wale waliinuka bondeni, wakapita juu kabisa ya bati la nyumba yake wakiitana, wakaenda kulala kwenye mlingoti, mkaratusi mrefu ulio nyuma ya kanisa. Tangu mkewe, Fidelia, alipofariki, miaka sita iliyopita, mzee alikuwa akitoa kigoda nje saa hiyo na kuwasubiri. Wakishapita, aliingia ndani kula. Wakichelewa, ugali ulipoa, na Priska alinung'unika mpaka akachoka.

Oktoba mzee alipata kiharusi. Kilimshika upande wote wa kulia. Walimpeleka hospitali ya Ikonda, akalazwa wiki tatu, akahudumiwa vizuri, kisha daktari akawaeleza kwa upole kwamba kilichobaki ni uangalizi wa nyumbani na maombi. Wakamrudisha, wakamlaza kwenye chumba cha ndani, chenye dirisha dogo linalotazama ukuta wa jiko. Krismasi ikapita amesinzia, mwaka mpya ukapita, mvua ikanyesha juu ya bati usiku na mchana. Hakuuliza tarehe, na hakuna aliyefikiria kumwambia.

Mwanzoni mwa Februari Ezekia alipata harusi moja, na kwa hiyo alipata sukari, na kwa hiyo alikwenda.

"Kamwene, baba," alisalimia mlangoni.

"Kamwene." Mdomo wa mzee ulikuwa umekwenda upande, na maneno yalitoka moja moja. "Ezekia. Wapangaji wangu hawapiti."

"Hawapiti?"

"Nawasikia kule chini, wanaitana. Juu ya nyumba hawapiti. Nimelala hapa naangalia boriti." Akapumzika kidogo. "Wewe si una mashine? Nenda kawapige picha. Chini nimewaona vya kutosha. Nataka wakiruka. Wote wawili, kama wanavyopita."

Ezekia alisimama pale na mfuko wa sukari, na moyo wake ukajaa. Katika miaka arobaini na moja baba yake hakuwahi kumwomba kitu. Sasa ameomba, na aliyekuwa na uwezo wa kukileta alikuwa yeye peke yake. Hakukaa hata dakika kumi. Alipita kwa Agustino, mwenzake wa kazi pale Njombe mjini, akaazima lenzi ndefu, na alfajiri ya kesho yake alikuwa bondeni.

Watu wanadhani kupiga picha ni kubonyeza. Bibi harusi ukimwambia tulia, anatulia. Ukimwambia inua kidevu, anainua, na mama mkwe naye anainua. Korongo hakuna wa kumwambia. Siku ya kwanza Ezekia aliambulia mikia. Ndege anayeondoka anakupa mgongo, na Ezekia alikuwa na picha sitini za migongo. Siku ya pili alipandisha spidi ya kamera, ukungu ukashuka, kila kitu kikatoka cheupe kama maziwa. Siku ya tatu alimpata mmoja vizuri kabisa, lakini bila kichwa.

Tatizo jingine ni kwamba hawakutaka kuruka. Walikuwa wakishinda palepale. Mmoja alitembea wazi, akidonoa matopeni, na mwingine haonekani kabisa mpaka Ezekia akaribie sana; ndipo huyo wa pili alipotoka kwenye kichaka kimoja cha nyasi, kilekile kila siku, ameinamisha shingo, ananyata polepole kama mgonjwa anayeelekea chooni. Ezekia akamwita Mvivu.

Siku ya nne akakumbuka kombeo. Alipokuwa mdogo kazi yake ilikuwa kuamia ndege kwenye ulezi wa baba yake. Alishinda juu ya dungu na kombeo la katani, na mzee ndiye aliyemfundisha: usimrushie ndege jiwe, rusha liangukie nyuma yake, naye atakuja kwako. Mkono ulikuwa bado unakumbuka. Jiwe la kwanza lilimtoa Mvivu kichakani. Ezekia akasubiri atembee mpaka amfikie mwenzake, akarusha la pili nyuma yao, akaacha kombeo, akashika kamera. Wakainuka wote wawili, wakaja upande wake.

Siku nne zaidi alifanya hivyo, mara tatu, mara nne kwa asubuhi moja, maana kila mara kulikosekana kitu: bawa limekatwa na ukingo wa picha, taji limezibwa, au mmoja ametoka wazi na mwingine ametoka na ukungu. Wakirudi kutua, anawapa muda wa kuvuta pumzi, anawainua tena. Alilowa mpaka kiunoni, vidole vikafa ganzi kwa baridi, na hakuwahi kuwa na furaha kama ile.

Nyumba ya baba yake ilikuwa juu kidogo tu, hatua mia mbili hivi. Priska, akikoka moto, aliiona pikipiki ikipita ikishuka na ikipita ikipanda. Asubuhi nane Ezekia alipita hapo na hakuingia, kwa sababu alikuwa bado hajapata cha kuingia nacho.

Asubuhi ya nane ukungu ulipasuka ghafla na jua likaingia bondeni. Walimjia sambamba, shingo zimenyooka mbele, miguu imenyooka nyuma, mabawa wazi yakionyesha weupe wote wa ndani, na mataji yakiwaka. Ezekia alibonyeza mpaka wakampita kichwani. Alipotazama kwenye kioo cha kamera alicheka peke yake katikati ya maji. Katika picha elfu moja na mia nne, hiyo moja ilikuwa na kila kitu.

Akaichapisha kubwa, ukubwa wa kalenda ya ukutani, akaitia kwenye fremu ya kioo. Alipoingia chumbani kwa baba yake hakuwa na sukari wala sabuni, na kwa mara ya kwanza hakuona haya. Aliketi ukingoni mwa kitanda, maana mle ndani hamkuwa na kiti, akaishika picha mbele ya uso wa mzee.

Mzee Yoeli aliitazama muda mrefu. Jicho la kushoto, lile zima, lilianza kwenye mataji, likashuka kwenye mabawa, likafika miguuni. Mdomo ulitaka kucheka. Kisha jicho likashuka zaidi, chini ya ndege, kwenye nyasi.

"Wote wawili," alisema.

"Wote wawili, baba. Haikuwa kazi ndogo."

"Nyasi hizi mbona ndefu hivi? Mwezi gani huu?"

"Februari. Leo tarehe kumi na moja."

Priska, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, alimwona mzee akifumba macho.

"Nilidhani bado Novemba," mzee alisema. "Mvua nasikia, lakini nilidhani ndiyo kwanza zinaanza." Akafumbua macho. "Ezekia, Februari wanalalia. Mmoja analala kwenye mayai, mmoja analinda. Wanapokezana. Ndiyo maana hawapiti, hata usiku wanalala hukohuko. Ukiwaona wote wawili hewani mwezi wa pili, ujue wametolewa. Umewatoaje?"

Ezekia alikumbuka kile kichaka kimoja, na Mvivu akinyata na shingo yake chini.

"Kwa kombeo," alisema.

"Mara ngapi?"

Ezekia aliiteremsha picha, akailaza kifudifudi juu ya magoti yake.

"Kombeo nilikufundisha mimi," mzee alisema. "Na kukutuma nimekutuma mimi." Chozi lilitoka kwenye jicho zima, likapita kando ya pua. Mkono wa kulia haukuweza kulifuta na wa kushoto haukujaribu. "Nenda kaangalie. Usikanyage hovyo. Ukiona mmoja amelala, rudi usimguse."

Ezekia alishuka mbio. Alifika kwenye kichaka kile akakipanua kwa mikono miwili. Katikati ya maji palikuwa na nyasi zilizolazwa duara, kama ungo, na juu yake mayai matatu. Moja lilikuwa limetobolewa. Kunguru walishamaliza kazi yao. Mawili yalikuwa mazima, meupe yenye samawati ya mbali, yamelowa. Aliliweka moja shavuni. Lilikuwa la baridi kama jiwe la mtoni. Akayatia yote mawili kwapani, ndani ya sweta, akachuchumaa kwenye maji, akakaa hivyo. Alijua ni upumbavu. Alikaa hivyo hata hivyo, mpaka miguu ikakosa hisia, akilia kama mtoto aliyevunja chungu cha mama yake. Korongo wenyewe walikuwa mbali, kwenye viazi vya Sila, wamesimama wakimtazama. Hawakupiga kelele. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye ndiye aliyeyamwaga, mara tatu hadi nne kwa asubuhi.

Aliyarudisha mayai mahali pake akapanda. Njiani alipanga kusema ukweli. Alipanga maneno, akayarudia: baba, nimeua. Lakini alipoingia chumbani alikuta kichwa cha mzee kimeinuliwa juu ya mto, Priska amekishikilia, na jicho lile moja linamsubiri mlangoni.

"Yupo?"

"Yupo," Ezekia alisema. "Mmoja amelala kwenye mayai. Mwenzake yuko kando."

Neno lilitoka kirahisi, kama anavyomvalisha mtu suti. Mzee akashusha pumzi ndefu, na Priska akakilaza kichwa chake taratibu.

"Basi," mzee alisema. "Kama walianza mwishoni mwa Januari, wataangua mwanzoni mwa Machi. Usiende tena na mashine. Kaa kule kwenye miti ya miwati, mbali, uangalie tu. Kesho njoo uniambie."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Ezekia ilikuwa kilomita ishirini na tano kwenda na ishirini na tano kurudi, kila siku ya Mungu. Alifungua studio saa nne badala ya saa mbili, mke wake akalalamika, wateja wa pasipoti wakahamia kwa jirani. Kila asubuhi aliegesha pikipiki kwenye miwati, akalitazama bonde lisilo na kitu, maana korongo walikuwa wameondoka siku ya pili na hawakuonekana tena, akatunga cha kusema. Kisha aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema.

Siku za kwanza alisema vibaya. Alisema wamepokezana alfajiri. Alisema kunguru alipita, dume akamfukuza. Mzee alimsahihisha kama mwalimu: "Hamfukuzi hivyo. Anatandaza mabawa kwanza, ajifanye mkubwa." Siku iliyofuata Ezekia akamwambia dume ametandaza mabawa, na mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaelezwa namna wanavyogeuza mayai kwa mdomo, akaenda miwatini, akarudi akasema ameona wakigeuza. Kwa hiyo asubuhi baba alimfundisha mwana jambo, na asubuhi ya pili mwana alimrudishia baba jambo lilelile kama habari mpya.

Habari za korongo zilikwisha upesi, kwa kuwa ndege anayelalia hana mambo mengi. Lakini Ezekia alikuwa ameshaketi. Mzee akaanza kusema mengine. Akasimulia alivyokutana na Fidelia wakibandua magome ya miwati kwa ajili ya kiwanda, na jinsi Fidelia alivyokuwa na mkono wa haraka kuliko wanaume, mpaka msimamizi akamshuku anaiba ya wenzake. Akasimulia usiku aliozaliwa Ezekia: sakitu ilianguka, ile baridi ya barafu, viazi vyote vikaungua, asubuhi shamba zima limekuwa jeusi, na Fidelia akiwa amelala na kichanga akasema hakuna hasara, mwaka huu tumevuna mtoto. Ezekia hakuwahi kuambiwa hayo. Alikuwa na miaka arobaini na moja na hakujua kwamba alizaliwa kwenye sakitu.

Alimnywesha uji baba yake. Alimkata kucha. Siku moja mzee alisinzia katikati ya neno, mkono wake wa kushoto ukiwa juu ya goti la Ezekia, na Ezekia hakusogea kwa saa nzima, mguu ukafa ganzi. Siku hizo zote hakubeba sukari wala sabuni. Hakuona haya, kwa sababu alikuwa na habari. Ila kila alipotoka nje uongo wake ulimkaba. Alijua Machi inakuja, na siku ikifika itabidi vifaranga viwepo.

Ikafika. Tarehe tatu ya Machi mzee alikuwa amedhoofika, sauti imekuwa ya kunong'ona, na Priska alikuwa ameshatuma ujumbe kwa mchungaji. Picha ilikuwa imetundikwa miguuni pa kitanda.

"Leo je?" mzee alinong'ona.

Ezekia aliutazama uso ule, akashindwa tena. "Wameangua, baba."

"Wangapi?"

"Wawili. Wana manyoya ya njano, na miguu mirefu kuliko wao wenyewe. Mmoja alijaribu kusimama akaanguka kwenye maji, mama yake akamsubiri."

Mzee alicheka bila sauti. Kifua tu ndicho kilichotikisika. "Basi wamekuwa wanne," alisema. Akapapasa mpaka akaupata mkono wa mwanawe. "Umesimulia vizuri. Kesho njoo uniambie kama wameanza kutembea."

"Nitakuja, baba."

Kesho yake Ezekia alikuja na habari yake ameiandaa vizuri kuliko zote: vifaranga vimetembea kwa mstari, mama mbele, baba nyuma, mpaka kwenye ukingo wa viazi vya Sila, na Sila mwenyewe amesimama kuwatazama. Alipozima pikipiki aliona wanawake wamekaa chini kwenye uwanja, na Priska amefunga kanga kiunoni. Hakuwa na wa kumsimulia.

Walimzika karibu na Fidelia. Kwaya ya usharika iliimba, mvua ikanyesha wakati wa udongo, watu wakasema ni baraka. Picha iliyobebwa mbele ya jeneza ilikuzwa kutoka kwenye kitambulisho cha mpiga kura, kwa sababu Ezekia, mpiga picha wa Makambako, alitafuta kwenye kompyuta zake zote na hakupata hata moja ya baba yake. Hiyo ya kitambulisho hakuigusa. Aliacha makunyanzi yote.

Wiki moja baadaye alirudi kijijini. Wageni walikuwa wametawanyika. Priska alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mzee, nje, anachambua maharage. Ilikuwa jioni, na juu ya bati hakukuwa na chochote ila moshi wa jiko. Ezekia alisimama mbele yake na mfuko wa sukari mkononi, kwa kuwa ni nyumba ya msiba na mtu haji hivihivi.

"Dada," alisema, "kuna jambo nimelibeba, linaniua. Nilimdanganya baba. Yale mayai yalikufa. Yalikuwa yamekufa tangu siku ile ya kwanza. Hakukuwa na kifaranga wala korongo. Amekufa na uongo wangu."

Priska hakuinua kichwa. Aliokota punje mbovu, akaitupa.

"Alijua," alisema.

"Nani?"

"Baba alijua. Siku ya tatu. Jioni aliniambia nifungue dirisha na niache kupakua, nisigonge vyombo. Akasikiliza mpaka giza likaingia. Akasema, Priska, wapangaji wameondoka. Akasema aliye na mayai huitwa na mwenzake kila jua likizama, hata mvua inyeshe, na leo hakuna anayeita."

Ezekia aliziona zile asubuhi zote, moja baada ya nyingine: mzee akimsahihisha, mzee akimfundisha namna dume anavyotandaza mabawa, mzee akiuliza wangapi.

"Sasa kwa nini hakuniambia?"

"Mimi nilitaka kukwambia. Nilikuonea huruma, unavyokuja na baridi ile kutunga mambo. Akanikataza." Priska aliacha kuchambua. Macho yake yalikuwa mekundu. "Alisema, mwache alete hivyohivyo. Ezekia akikosa cha kuleta haji."

Akarudi kwenye maharage yake. Ezekia aliendelea kusimama pale uwanjani na kilo zake mbili za sukari, hajui aziweke wapi.